Daftari Lilisema Amefika

Wiki iliyopita niliishia pabaya. Jaji wangu, ambaye sote kazini tulimwita Dakika kwa jinsi alivyoiheshimu saa, alikutwa amefariki kitini nyumbani kwake, Jumanne, saa nne asubuhi. Hapakuwa na jeraha wala ugonjwa uliojulikana, na madaktari walikuwa hawajasema neno. Dereva wake, ambaye ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akachukuliwa na polisi. Nami, karani wake wa miaka sita, nikabaki na neno kooni kama mfupa wa samaki: haliingii, halitoki.

Leo nitalitema. Ila mnivumilie nilitoe kwa mpangilio, maana nimelelewa na majalada, na jalada lisilopangwa huzaa kesi ya pili.

Mbele ya wapelelezi kulikuwa na maelezo mawili yasiyopatana. Shemeji alisema: "Mzee hakutoka nyumbani. Nilimsubiri garini tangu saa kumi na mbili na nusu, mpaka dada yake aliporudi safari saa nne, akafungua mlango, akapiga ukunga." Alipoulizwa kwa nini hakubisha hodi muda wote huo, alijibu kwamba mzee alikwisha kumkanya: akichelewa, ajue anaiwazia hukumu, asimgongee.

Daftari la mahudhurio ya majaji lilisema: Jumanne, amefika saa moja na nusu.

Mtu na daftari. Mnadhani mji ulimwamini nani?

Kwa kinyozi wangu, kesi ilisikilizwa na kuamuliwa siku ya pili tu.

"Hesabu ndogo," kinyozi alisema, wembe ukiwa juu ya shavu la mteja. "Saa moja na nusu yuko kazini. Saa nne yuko nyumbani, maiti. Basi kafia ofisini, karudishwa. Na wa kumrudisha ni nani kama si mwenye gari?"

"Na ile hukumu ya ghala?" mteja aliuliza kwa pembe ya mdomo, akiuogopa wembe.

"Hapo sasa!"

Naam, hapo. Ghala lilikuwa limeporomoka na kuua vibarua kumi na wawili, na jaji wangu alikuwa asome hukumu ya mwenye ghala hilo Jumanne ileile, saa tatu. Mji mzima ulikuwa ukiingojea. Badala ya hukumu ukapewa msiba, na mji ulionyimwa hukumu hujiandikia yake.

"Kaja, kaiweka mezani, kaletewa chai," kinyozi aliendelea. "Sasa chai hiyo..."

"Hakuwa akinywa chai," nilisema.

Vichwa vyote viligeuka. Sikukusudia kusema.

"Jamani, mpisheni, huyu ndiye karani wake!" Nikapewa kiti chenye mto, kile cha wateja wenye heshima zao. Mzee mmoja aliyekuja kupunguza ndevu akanisogelea hadi nikasikia harufu ya tumbaku.

"Mwanangu, wewe ndiye mwenyewe. Tukate mzizi wa fitina. Alifika, au hakufika?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kuutema ule mfupa. Lakini sijawahi kukaliwa kimya namna ile maishani mwangu, watu wazima saba wakiningoja kama wangojavyo mwezi kuandama. Nikajikohoza.

"Daftari lipo," nilisema.

Maneno mawili tu. Jioni yake redio ikatangaza kwamba "duru za ndani ya mahakama" zimethibitisha marehemu alifika kazini. Duru hizo zilikuwa mimi, na kitambaa cha kinyozi kikiwa shingoni.

Uvumi una miguu, lakini huu ulipewa farasi. Siku ya saba nilimkuta mama mfagizi amesimama ukumbini na dekio lake, amezungukwa na makarani wawili na mpiga chapa.

"Mimi nilimsikia," alikuwa akisema.

"Ulimsikia nani, mama?" niliuliza.

"Marehemu, Mungu amrehemu. Jumanne nadeki hapahapa, nikasikia koho, koho, chumbani mwake."

"Una hakika ilikuwa Jumanne?"

"Baba, daftari linasema alikuja! Sasa kikohozi nilichosikia kilikuwa cha nani? Cha kabati?"

"Lakini juzi uliniambia hukuona wala kusikia mtu."

"Juzi nilikuwa sijajua kama alikuja!" alijibu kwa hasira, na wale watatu wakatikisa vichwa kuonyesha kwamba hoja imesimama.

Mlinzi wa lango naye akakumbuka. Alikumbuka gari, akakumbuka saluti, akakumbuka jinsi mheshimiwa alivyoinua mkono kumjibu. Alipokwenda kuyasema kituoni alivaa viatu vipya.

Nami nilijua kuwa hapakuwa na gari, wala saluti, wala kikohozi. Nilijua kwa sababu mwandiko ule ni wangu.

Ngoja nieleze ulivyofika pale, msije mkadhani nilihongwa.

Miaka sita nyuma, watu walilalamika kuwa majaji huchelewa. Msajili wetu akaleta daftari na waraka: kila jaji aandike saa aliyofika, atie sahihi. Dakika alilitazama daftari lile kama mtu aliyetemewa mate.

"Mimi na mvi hizi nitie sahihi kama mtoto wa shule?" aliniuliza. "Niandikie wewe. Saa moja na nusu. Siku nitakayochelewa, nitakwambia mwenyewe."

Kwa miaka sita hakuniambia. Ungeweza kurekebisha saa ya ukutani kwa nyayo zake.

Mwaka wa kwanza nilingoja nimwone mlangoni ndipo niandike. Mwaka wa pili nikawa naandika nikisikia honi langoni. Baadaye, kwa kuwa asubuhi ndiyo wakati wa kupanga majalada, nikaona si vibaya kuandika mstari wa kesho jioni ya leo. Nilijisifu kwa hilo. Nilisema, huu ndio utaratibu: kazi ya kesho imekwisha leo.

Jumatatu, saa kumi jioni, koti likiwa tayari begani, niliandika mstari wa Jumanne. Yaani nilimwandika mtu amefika kazini kabla hata hajalala.

Asubuhi, saa mbili ikapita, ukumbi ukaanza kujaa, saa tatu ikapita. Nilisema moyoni, anaing'arisha hukumu yake. Saa nne na nusu habari zikaingia, sote tukatoka mbio hadi barazani kusikiliza. Niliporudi mezani, daftari halikuwapo. Msajili alikuwa amekwisha kulitia katika bahasha na kuipiga lakiri, ili, kama alivyosema, ushahidi usichezewe.

Ushahidi!

Siku ya nane nikaamua kusema. Mtu wa utaratibu huanza kwa mkubwa wake, basi nikabisha hodi kwa Msajili.

"Mheshimiwa, nimekuja kuhusu lile daftari."

Aliinuka, akafunga dirisha, akarudi kuketi. Ni mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza watoto.

"Karani, una watoto wangapi?"

"Watatu."

"Wanasoma?"

"Wanasoma, mheshimiwa."

"Basi nisikilize. Usiniambie jambo ambalo nikishalisikia itanibidi niliandike."

"Lakini aliye ndani ni shemeji yangu, na..."

"Katika daftari lile wamo majaji tisa. Mstari mmoja ukionekana wa uongo, wakili yeyote mwenye njaa atauliza habari za mingine. Atauliza ni hukumu ipi ilisomwa na jaji aliyekuwapo, na ipi na jaji aliyeandikwa. Ukiuvuta uzi huo, joho lote litafumuka, na wa kwanza kubaki uchi ni wewe." Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Shemeji yako kama hana hatia atatoka. Haki haina haraka. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mheshimiwa," nilisema.

Nimesema ndiyo nyingi katika kazi hii. Hiyo ndiyo inayoniwasha mpaka leo.

Kesho yake sikwenda kazini. Mke wangu alirudi kutoka kituoni kama saa saba mchana, bakuli mkononi, kitambaa kimefungwa vilevile alivyokifunga asubuhi.

"Hakula?" niliuliza.

"Hakula." Akakaa kwenye kigoda bila kulitua lile bakuli. "Kapungua. Mdogo wangu aliyekuwa akipita mlangoni kwa ubavu, leo kapita kama karatasi."

"Kasema nini?"

"Kaniuliza swali. Kasema, dada, inawezekana mtu akaendesha gari, halafu akasahau?"

Nikalitazama lile bakuli.

"Nikamwambia, wewe vipi? Mtu asahau safari? Akaniambia, mbona wote wanakumbuka isipokuwa mimi?" Akapangusa macho kwa upande wa kiganja. "Baba watoto, wewe uko humohumo. Humjui aliyeandika daftari lile? Hata kwa kunong'onezwa? Nionyeshe tu. Nitakwenda kwake, nitampigia magoti, nitamwambia ana mama aliyemzaa, aseme kweli."

"Namjua."

"Nani?"

Nilidhani neno lile lingekuwa zito. Lilitoka jepesi kama unyoya, na ubaya wake ukawa hapo.

"Ni mimi."

Nikamweleza yote: waraka, honi, jioni ya Jumatatu. Hakupiga kelele. Kelele ningeiweza. Alilitua bakuli sakafuni polepole, akalisogeza ukutani, mtu asije akalikanyaga.

"Siku tisa," alisema. "Siku tisa natoka hapa na bakuli, narudi na bakuli, na wewe unanifungulia mlango."

"Mama watoto..."

"Usiniite. Vaa viatu."

Njia nzima alinitangulia. Jua lilikuwa kali, watu wamejificha vibarazani, na kila kibaraza kina jaji wake marehemu: hapa kapewa sumu, pale kazibwa pumzi kwa mto, kule hakufa kabisa. Mke wangu hakugeuka. Tulipofika kona ya kituo ndipo aliposimama.

"Ukiingia humo ukageuza maneno, usirudi nyumbani," alisema. "Watoto nitawaambia baba yenu kasafiri. Nitaliandika, si jambo likiandikwa linakuwa kweli?"

Mpelelezi wa kesi ile alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi sikio moja. Alikuwa akimenya chungwa bila kulitazama.

"Keti. Na wewe umeota nini?"

"Sijaota, Afande."

"Maana wewe ni wa kumi na nne tangu juzi. Wa jana kaoteshwa kuwa marehemu yu hai, anauza viatu. Kaniletea na namba ya kiatu." Akatia pande la chungwa kinywani. "Haya, sema."

"Mimi ni karani wake. Mstari wa Jumanne niliuandika mimi, Jumatatu jioni, kabla ya siku yenyewe. Ni mazoea yangu ya miaka. Marehemu hakufika kazini. Shemeji yangu anasema kweli."

Kutafuna kukakoma.

"Rudia."

Nikarudia. Akanipa karatasi, akaniambia niandike kwa mkono wangu. Niliandika ukurasa mmoja na nusu, kwa aya zilizopangika, tarehe juu, sahihi chini. Aliuweka mwandiko wangu kando ya picha ya ule mstari wa daftari, akalinganisha herufi moja moja kwa ncha ya kalamu.

"Ni wako," alikubali.

Pumzi ikanishuka mpaka tumboni. Kwa mara ya kwanza katika siku tisa nilimeza mate bila kuchomwa. Nikamtazama mke wangu aliyesimama kizingitini, naye, kwa mara ya kwanza tangu nyumbani, akanitazama.

"Kwa hiyo, Afande," nilisema, "atatoka leo?"

Alivua miwani, akaisugua kwa pindo la shati, akaivaa tena. Kisha akavuta mtoto wa meza, akatoa karatasi nyingine.

"Maelezo haya kayatoa shemeji yako leo saa tatu asubuhi. Kwa hiari yake, hajaguswa na mtu. Sikiliza." Akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya bei. "'Nilimchukua mheshimiwa nyumbani saa moja kasorobo. Nikamfikisha kazini saa moja na nusu. Saa tatu kasorobo akaniambia hajisikii vizuri, nimrudishe. Tukatoka kwa mlango wa nyuma. Nilimsaidia kuketi kitini, nikarudi garini. Nilificha jambo hili kwa kuwa niliogopa kuulizwa kwa nini sikumpeleka hospitali.' Imetiwa dole gumba na sahihi."

Mke wangu alishika mwimo wa mlango.

"Ni uongo!" nilisema.

"Uongo wa nani?" Mpelelezi aliziweka karatasi mbili sambamba. "Maelezo yake yanapatana na daftari. Yanapatana na mlinzi aliyempigia saluti, na mfagizi aliyesikia kikohozi. Yako hayapatani na mtu yeyote mjini humu. Na wewe ni shemeji yake, na umeniambia mwenyewe kwamba huandika mambo yasiyotokea."

"Muulizeni tena! Mleteni nimwambie!"

Alifikiri kidogo, akamwashiria askari aliyekuwa nje. Hatukungoja sana.

Shemeji aliingia ameshika suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda walikuwa wamemnyang'anya. Ni mtu mcheshi huyu, mtu ambaye hawezi kuingia mahali bila kumtania mwenye mahali. Hakumtania mtu. Alimtazama dada yake, akanitazama mimi, akatafuta mahali pa kuweka macho yake, akayaweka sakafuni.

"Shemeji," nilisema, "kwa nini umesema ulimpeleka mzee?"

"Kwani sikumpeleka?"

Aliuliza kwa dhati, kama aulizavyo mtu aliyeamka.

"Hukumpeleka! Siku ya kwanza ulisema kweli."

"Siku ya kwanza nilikuwa peke yangu." Alizungumza polepole. "Shemeji, kile ni kitabu cha mahakama. Mimi ni dereva. Mlinzi kaniona, mama mfagizi kamsikia mzee. Watu wote wale waseme uongo, mimi tu niseme kweli? Nilikataa, nikakataa. Juzi nikaanza kuiona ile njia. Nikamwona mzee nyuma kwenye kioo, kavaa ile suti yake ya kijivu. Kanisemesha kabisa. Kaniambia, dereva, taratibu kwenye matuta."

"Hayo ni ya siku nyingine! Ni ya siku zote! Mstari ule niliuandika mimi. Mimi, jioni ya Jumatatu, niwahi nyumbani."

Aliinua macho. Nilingoja anitukane, anirukie, anitemee mate. Haki yake. Alinitazama tu, midomo ikicheza, akijaribu kuyabeba maneno yangu na kuyatafutia mahali katika kichwa kilichokwisha kujazwa.

"Wewe?" alisema mwishowe.

"Mimi."

"Na saluti?"

"Hapakuwa na saluti."

"Mbona naiona?"

Mke wangu akaanza kulia, bila sauti, mabega tu.

Mpelelezi alichukua kalamu. "Sasa nisikilizeni nyote wawili. Hapa nina maelezo mawili, na moja kati yake ni la uongo mbele ya sheria. Likiwa la karani, karani analala hapa leo. Likiwa la dereva, basi kanidanganya katika kesi ya kifo cha jaji, na sitauliza mara ya tatu kwa nini. Nitatafuta jibu langu mwenyewe." Akamgeukia shemeji. "Nauliza mara moja. Jumanne asubuhi, saa moja na nusu, ulikuwa wapi?"

Shemeji hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Shemeji, wewe ndiye msomi wetu," alisema. "Nilikuwa wapi?"

Nikafungua kinywa. Mpelelezi akanyoosha kiganja usoni pangu.

"Wewe kaa kimya," alisema. "Umekwisha kumsemea mtu mmoja mahali alipokuwa. Huyu atajisemea."

Shemeji akafumba macho. Mkono wake ukaiachia suruali, ukanyanyuka, na wa pili ukaufuata, ikashika hewani kitu cha duara ambacho sisi hatukukiona. Mguu wa kulia ukakanyaga sakafu taratibu.

Hata sasa nikiandika haya sijui kama mguu ule ulikuwa ukilisimamisha gari, au ukiliondoa.

"Jumanne," alisema, macho yakiwa bado yamefumbwa, "nilikuwa nimekaa ndani ya gari..."